Chai ya Keshero

Leo nimefungua bahasha yenye picha za ubongo wangu, na harufu ya plastiki yake imenirudisha utotoni, kwenye benchi la hospitali ng'ambo ya mpaka.

Mkono wa mama ulikuwa ukitetemeka tangu mavuno ya maharagwe. Mtaani walisema amelishwa sumu na dada yake mkubwa, na baba akamkataza huyo dada kukanyaga kwetu. Ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo mama aliambiwa asijitikise, lakini mkono haukumtii, wakamfunga mikanda na kuanza upya. Mimi nilisikiliza mngurumo nje ya mlango, nikisimama na kukaa, nikisimama tena.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga. "Hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja."

"Na sumu?" baba akauliza.

"Haiko sumu, papa. Ni ugonjwa wa kutetemeka, utaongezeka polepole. Wenyewe hauonekani hapa. Tunautambua tukimuangalia mutu akitembea."

Tuliporudi Goma, mama alikataa kufika nyumbani kabla ya kupita mtaa wa Keshero. Dada yake alifungua mlango, akabaki ameushikilia.

"Yaya, unipatie chai," mama akamwambia huyo dada yake mkubwa.

"Chai yangu? Utaikunywa?"

Mama akaketi. Chai ilipoanza kumwagikia kitenge chake, dada yake alikishika kikombe pamoja naye, na mama akanywa mpaka majani ya chini.

Baba, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akaomba ya kwake.