Mbwa Ambaye Hakuzungushwa Mafiga

Unaweza kucheka. Hata mimi ningekuwa wewe ningecheka. Ila kwanza kiweke kando hicho kicheko mpaka nimalize, kwa sababu anayekusimulia si mtu wa kuokota maneno kilabuni. Nina diploma ya ufundi wa mitambo ya baridi, niliisomea Ujerumani, na cheti chenyewe kimetundikwa sebuleni kwangu hapa Kirumba, Mwanza, ndani ya fremu ya kioo. Nimezoea vitu vinavyopimika. Na haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, jua la saa tisa likichoma mawe. Watu hudhani mambo ya namna hii huja usiku tu. Nani aliwadanganya?

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati soko huria limeingia na kila mwenye akili anafungua kitu. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga, na kila kiwanda kilihitaji baridi. Baridi hiyo nani aliijua? Waliozoea kuniita mtoto wa mchunga ng'ombe wa Magu wakashtukia nina karakana yangu, pikapu yangu, na nyumba ya matofali ya saruji juu ya mawe, inayolitazama soko la samaki la Mwaloni kwa chini. Jikoni niliweka jiko la umeme lenye oveni, nililokuja nalo kutoka Ulaya. Silitaji kwa kujisifu. Nalitaja kwa sababu bila jiko hilo kisa hiki kisingekuwapo.

Kiwandani nilikokuwa nahudumia mitambo kulikuwa na mhandisi Mjerumani aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Mbwa wake jike alikuwa amezaa. Kwa kuwa ni mimi pekee niliyeweza kuzungumza lugha yake bila kugugumia, alinipa mtoto mmoja, dume. Aina yake ni Weimaraner, wenyewe hutamka vaimarana. Ni mbwa wa kuwindia, mrefu, masikio yameanguka kama majani ya mgomba, na ngozi yake ina rangi ya kijivu inayometa, kama ziwa dakika chache kabla ya mvua. Alipokuwa mdogo macho yake yalikuwa ya buluu. Alipokua yakawa rangi ya asali nyepesi. Mwanza nzima hapakuwa na mwingine kama yeye, niamini.

Mama yangu alikuja kutoka Magu kuiona nyumba. Akaikagua yote, akasifu choo cha ndani, kisha akamwona mbwa.

"Umemzungusha mafiga?"

Kwetu mtoto wa mbwa akiletwa nyumbani hubebwa akazungushwa yale mawe matatu ya jikoni, akapakwa jivu kidogo kwenye pua. Ndipo huijua nyumba yake. Wazee husema asiyezungushwa huwa hana kwake, anaishi kwako kama mgeni, na siku ya kufa hujui atakwenda na nani.

"Mama, sina mafiga. Nina jiko la umeme."

"Basi mzungushe hilo."

"Limeegemezwa ukutani. Nitazungukia wapi?"

Jirani yangu Mama Kulwa alikuwa amekuja kumpa mama shikamoo yake. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki wa kubanika, mama wa mwili na sauti, mwenye wateja mpaka Kongo. Kwenye banda lake nyuma ya nyumba moto hauzimiki. Akacheka mpaka kanga ikamlegea, akaniita kwa jina nililopewa mtaani.

"Mjerumani, nyumba ya matofali juu ya mawe haina mafiga? Mlete mbwa kwangu. Mimi ninayo, na jivu lipo la kutosha."

Mama akafurahi. Mimi nikashtuka. Hebu fikiri: mbwa wa thamani vile azungushwe mafiga ya jirani, halafu kesho aone kwao ni wapi? Kwa nini mtu akubembeleze hivyo kwa kitu ambacho si chake? Nikamwambia asante, mbwa wangu hali jivu. Na ili ujumbe ufike, nikampa mbwa jina la Mtachoka. Unajua mwenyewe jinsi majina ya mbwa yanavyosema na majirani. Kila jioni nilisimama ukutani nikaita kwa sauti, "Mtachokaaa!" Wiki haikuisha, Mama Kulwa akanunua jogoo na kumwita Hatuchoki.

Muda si mrefu akaja mtu nisiyemjua, mara yake ya kwanza.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa uani naosha pikapu, Mtachoka bado mdogo, anang'ata mpira wa maji. Mtu mrefu, mwembamba, akasimama nje ya uzio. Alivaa koti refu la kijivu, la sufu, na jua hilo! Usoni hapakuwa na hata tone la jasho. Hakusalimu. Akamtazama mbwa, akaniuliza kwa upole, "Huyu jiko lake liko wapi?"

Nikajua ametumwa. Nani mwingine angeuliza habari za jiko? Nikamwambia ampelekee salamu Mama Kulwa na asionekane tena hapo. Akainamisha kichwa, akaenda zake kati ya mawe. Nilipopanda juu ya jiwe kubwa nione anakoingia, sikumwona. Njia ile haina pa kujificha.

Nikaongeza kufuli kwenye geti, nikaendelea na maisha. Na maisha na mbwa huyu yalikuwa mazuri, sikufichi. Weimaraner hataki ubaki peke yako. Ukikaa, anakulalia miguuni. Ukienda chooni, anakungoja mlangoni na kuguna. Nilimpakia mbele kwenye pikapu mpaka kivukoni Busisi, akatoa kichwa dirishani, abiria wakasogea upande wa pili wa feri. Sikuwa na mke wakati huo, na wenye maneno walisema nimeshaoa. Waseme.

Waliyosema mengine yalikuwa mabaya zaidi. Walinong'ona kwamba yule si mbwa, ni fisi aliyekatwa mkia, na unajua Usukumani fisi wa kufugwa ni usafiri wa nani. Kisha kulikuwa na ile tabia yake ya kuwinda. Akinusa ndege husimama ghafla, anakunja mguu mmoja wa mbele, ananyoosha pua na kuganda kama sanamu. Siku moja aliganda hivyo akielekea nyumba ya mzee mmoja, karani mstaafu. Kulikuwa na kuku tu pale! Lakini mtaa mzima ukasema mbwa wa Mjerumani amemwonyesha mchawi kidole, na yule mzee hakunisalimia tena.

Nilicheka sana. Kicheko kiliniisha nilipoona kwamba alasiri nyingine Mtachoka anagandia kwenye ile njia ya kati ya mawe, mguu juu, mwili unatetemeka, na pale hapana kuku, hapana kunguru, hapana kitu. Nikienda kutazama, mawe ni makavu na moto, ila pana sehemu moja ya baridi. Mimi ni mtu wa baridi, naijua. Ilikuwa baridi kama mlango wa jokofu umefunguliwa.

Miaka ikaenda. Mdomo wa Mtachoka ukawa mweupe, akaanza kupanda ngazi kwa kufikiri. Kisha akaacha kula. Bwana mifugo akampima, akanishika bega, akasema moyo umechoka, hana dawa yake. Nilimtandikia blanketi jikoni, chini ya lile jiko la umeme, nikamlisha uji kwa kijiko. Sikwenda kazini. Sikutaka aondoke nikiwa sipo. Hilo tu ndilo nililoomba.

Siku moja watu wa sokoni wakaja kunigongea. Mtambo wa barafu umekufa Mwaloni, samaki wa watu wanaoza. Nikashuka, nikautengeneza haraka, nikaanza kupanda kurudi. Na kwenye ile njia kati ya mawe nikawaona wakishuka wawili.

Lile koti la kijivu. Na pembeni yake Mtachoka, anatembea mwepesi, mgongo umenyooka, ngozi inameta kama alipokuwa na miaka miwili.

Furaha ilinijia kwanza, Mungu ananiona. Nikaita, "Mtachoka!"

Akasimama. Akakunja mguu wa mbele, akaninyooshea pua na kuganda. Mimi! Alinitazama kwa macho yale ya asali kama mtu asiyenijua, kama nilikuwa kitu kilichojificha majanini.

"Unampeleka wapi mbwa wangu?" nikamwuliza yule mtu.

"Wako?" Sauti yake ilikuwa ya upole vilevile, na uso haukuwa umezeeka hata siku moja. "Nilikuuliza jiko lake liko wapi."

"Jiko analo! Analala chini yake!"

"Lile halina jivu. Asiye na jivu la kulalia huja kwangu."

Wakanipita. Walipopita ile baridi ikanigusa mkono, nao mkono huu mpaka leo, msimu wa mvua, vidole viwili huwa havina hisi.

Nilikimbia nyumbani. Unadhani nilikuta nini? Mtachoka alikuwa pale pale kwenye blanketi. Kifua kinapanda kidogo, kinashuka kidogo. Macho wazi, lakini ndani hamna mtu. Nikalitaja jina lake, sikio halikucheza.

Ndipo nikaelewa nina muda mfupi. Mafiga ya mama yalikuwa Magu, na mbwa asingefika hata nusu ya njia. Karibu yangu yalikuwepo mafiga ya mtu mmoja tu.

Nikambeba. Ni mbwa mzito yule. Nikapita naye mbele ya mtaa mzima, mtu mwenye diploma, mate ya mbwa yakinitiririkia kwenye shati, mpaka bandani kwa Mama Kulwa. Alikuwa anageuza sangara kwenye moshi. Hakushtuka.

"Leo umekuja kwa miguu yako, Mjerumani."

"Mama Kulwa, naomba mafiga."

"Sema tena, moshi umeniingia masikioni."

"Naomba mafiga yako. Nimzungushe."

"Umzungushe nani? Ana jina?"

Alilijua jina. Alitaka nilitamke mbele yake, na mbwa anakata roho mikononi mwangu. "Mtachoka," nikasema.

"Nitazame. Nimechoka?"

"Hujachoka, mama."

"Haya, vua viatu. Jikoni kwangu hakuingiwi na viatu."

Nikavua. Nikayazunguka mawe yale yenye moto, moshi ukinitoa machozi, na sisemi yote yalikuwa ya moshi. Nilipomaliza, Mama Kulwa alichota jivu la uvuguvugu kwa vidole, akampaka puani.

Mtachoka akapiga chafya.

Naapa, alipiga chafya, akavuta pumzi ndefu, akageuza kichwa akanitazama. Safari hii alinijua. Akanilamba mkono, ule wenye baridi. Kisha manyoya ya mgongo yakamsimama, akaunguruma akiangalia mlangoni. Nikageuka. Yule mtu wa koti alikuwa amesimama nje juani, yuko peke yake. Aliyatazama mafiga. Halafu akamtazama Mama Kulwa.

Na Mama Kulwa akamwitikia kwa kichwa, kidogo tu, kama unavyomwitikia mtu mliyeonana jana.

Nilipopepesa macho mlango ulikuwa mtupu. Mtachoka akajilaza kwenye jivu kando ya jiwe moja, akaweka pua juu ya mguu wangu, na kabla jua halijazama akafa taratibu kama anayesinzia. Nilikuwepo. Nililoomba nikalipata. Nikamzika kwangu, chini ya jiwe kubwa linalotazama ziwa.

"Yule mtu ni nani?" nilimwuliza Mama Kulwa siku ya pili.

"Mtu gani?" akasema, akaendelea kugeuza samaki.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi. Asubuhi yake jivu la Mama Kulwa lilikuwa limebonyea kando ya lile jiwe, umbo la mbwa aliyejikunja, na nyayo zimeingia na kutoka. Ukiweka kiganja kwenye ule mbonyeo, una joto upande ule ambao moto haufiki. Kila asubuhi mpaka leo. Jogoo wake wa sasa, naye anaitwa Hatuchoki, hapiti hapo. Mbwa niliyemlea kwa mkono wangu, aliyelala miguuni kwangu maisha yake yote, kwao ni kwa jirani! Jioni naenda kukaa pale bandani, navua viatu, naambiwa, "Karibu, Mjerumani, mwenzio yupo." Na kila mara najiuliza: siku ile ya kwanza, aliponiambia nimlete, alikuwa ananisaidia au alikuwa ameshaanza kumchukua?

Kwa hiyo wewe unayefikiria kufuga, nisikilize. Nunua jiko lolote unalotaka, la gesi, la umeme, hata likitoka Ulaya kama langu. Lakini uani tafuta mawe matatu, washa moto, na mtoto wa mbwa akifika mzungushe siku hiyo hiyo, mwenyewe, kwa mikono yako. Na mtu asiyetoa jasho akikuuliza jiko liko wapi, mwonyeshe haraka.

Mimi nimeshaweka mafiga yangu. Nimeyachagua mawe mazuri kuliko ya Mama Kulwa, nimeyasimamisha karibu na kaburi, na kila jioni nawasha moto. Asubuhi naenda kutazama. Jivu liko laini kama nilivyoliacha.