Punda Aliyembeba Mfalme

Toribio Cangas alikuwa mchuuzi wa maji mjini Madrid, na ukimuuliza alichonacho duniani angekutajia wawili: mkewe Eufrasia na punda wake Lucera. Nani angetangulia kutajwa ilitegemea nani alikuwa karibu akisikia. Lucera alikuwa jike la rangi ya majivu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Kila asubuhi walipanga foleni kwenye chemchemi ya Caños del Peral, wakajaza mitungi, wakaipakia kwenye sogi, kisha wakaingia mitaani, Toribio akinadi kwa sauti ya kukwaruza, "Maji! Maji baridi!" Lucera naye aliitikia kwa sauti mbaya zaidi, na watu wakafungua milango huku wanacheka.

Siku moja, majira ya majani kupukutika, Toribio alikwenda na Lucera kuokota kuni pembezoni mwa El Pardo, msitu wa mfalme wa kuwindia. Mvua ikamwagika. Mara wakachomoza mabwana watano sita, wamelowa chapachapa kama kuku, na farasi mmoja anachechemea.

"Wewe! Shusha kuni zako, lete punda!" mmoja akaamrisha.

Toribio akazishusha. Bwana mmoja mwembamba aliyekuwa anapiga chafya akaketi juu ya Lucera, akabebwa mpaka mlango wa nyumba ya wawindaji, akateremka, akapiga chafya nyingine, akaingia ndani. Ndipo Toribio alipoambiwa punda wake alikuwa amembeba nani. Alirudi nyumbani mbio.

"Eufrasia! Mfalme! Makalio ya mfalme, mke wangu, hapa, hapa hapa!" Akawa anapigapiga mgongo wa Lucera.

"Acha wazimu. Kuni ziko wapi?"

Furaha hiyo haikumaliza juma. Sisi tuliokulia karibu na kasri tunaijua desturi: farasi akishakaliwa na mfalme, hakuna binadamu mwingine wa kumpanda mpaka afe. Atakaa katika banda la mfalme, atakula, atanenepa, basi. Wala hashikwi kamba na mtu hivi hivi, bali na bwana mwenye cheo. Hiyo ni habari ya farasi. Ya punda hakuna aliyeiwaza, maana nani angewaza kwamba mfalme atapanda punda? Lakini msimamizi wa banda, don Íñigo de Arellano, aliiogopa desturi kuliko alivyomwogopa Mungu, na ninasema hivyo nikiwa nimemwona kanisani akisinzia. Alifika mwenyewe mlangoni kwa Toribio, na glavu zake nyeupe.

"Mnyama huyu amepata heshima," alitangaza. "Tangu leo habebi mtu, habebi mtungi. Hata nzi asitue, nikiweza kumzuia."

"Heshima tumeipokea, bwana mkubwa. Sasa mimi maji nitayabeba na nini?"

Don Íñigo akamtazama tangu utosini hadi unyayoni. "Mgongo si unao?"

Akamwachia kofia yenye unyoya iwe fidia, akaondoka na Lucera. Kofia nzuri, lakini jaribu kuitia maji.

Basi Toribio akawa punda wa nafsi yake. Pale chemchemini wachuuzi wenzake walimpokea kwa vifijo, wa kwanza akiwa Pascual Mondéjar, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Mpisheni punda mpya jamani! Toribio, jioni unakula nyama au tukukatie majani?"

"Nikatie majani, ndugu yangu, ila mkeo ndiye ayapike, anajua kuyaunguza."

Wakacheka wote, na Toribio akacheka kuwashinda, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Lakini nyumbani, Eufrasia alipokuwa anamkanda mabega kwa mafuta ya zeituni, Toribio alisema ukweli.

"Si mabega, mke wangu. Ni kutembea peke yangu. Nanadi maji weee, haitikii mtu."

Kwa hiyo akaomba kazi ya kupeleka maji jikoni kwa mfalme, mlima wote ule, ili tu apite nyuma ya banda. Akinadi hapo, Lucera huitikia kutoka ndani mpaka madirisha ya mabibi wa malkia yanafungwa. Siku nyingine wachunga farasi walimwachia achungulie. Alimkuta Lucera anazidi kufura tumbo.

"Shayiri ya mfalme hiyo," mmoja alimwambia. "Amekuwa pipa."

Toribio akaamini, akaona wivu. Nyumbani kwake Lucera hakuwahi kushiba namna ile, na alijiuliza kama bado angetaka kurudi.

Asubuhi moja mwaka uliofuata, alifika bandani na mtungi mgongoni, akakuta vurumai. Pembeni mwa Lucera alisimama mwanapunda, bado kalowa, miguu inagombana yenyewe kwa yenyewe, ananyonya. Lucera alikuwa ameingia bandani na mimba yake. Pascual baadaye aliapa kwamba baba ni punda wake, akataka yeye mwenyewe aitwe mkwe wa mfalme.

Don Íñigo alikuwa mwekundu kama pilipili. "Huyu ametoka wapi?"

"Kwa mama yake, bwana mkubwa," mchunga farasi akajibu.

"Banda hili ni la wanyama waliokaliwa na mfalme! Huyu hajakaliwa. Hawezi kulala humu hata usiku mmoja."

"Labda tumwombe mfalme amkalie kidogo..."

"Kimya! Wewe, mtu wa maji! Chukua hicho kitu, nenda nacho."

Toribio akatua mtungi. Alijua mtoto bila ziwa hafiki Jumapili, na alijua pia kwamba akitoka na huyu, huenda yule mwingine hatamwona tena. Lakini amri ni amri. Akamwinua mwanapunda, akamweka mabegani, akageuka kutoka bila kutazama nyuma, maana angetazama angelia.

Nyuma yake kamba ikakatika.

"Mshikeni!" don Íñigo alipiga kelele.

Hakuna aliyesogea. Wachunga farasi walikunja mikono, wapole kama watawa. "Haturuhusiwi, bwana mkubwa. Mnyama wa mfalme. Mwenye cheo hapa ni wewe."

Don Íñigo akaenda kumshika mwenyewe. Shukrani ya punda ni mateke, na teke moja lilimpata barabara, likamketisha kwenye lundo la samadi, glavu na vyote. Lucera akampita, akaweka pua yake kwenye kiuno cha Toribio, akatulia.

Don Íñigo akainuka, akajipangusa, akavuta pumzi ya heshima.

"Amekwenda matembezi," alisema. "Mnyama wa mfalme ana haki ya kutembea."

"Na atarudi lini, bwana mkubwa?"

"Mimi ni nani nimpangie?"

Mji mzima ulitoka kutazama. Eufrasia alikuwa mlangoni na nguo mbichi mikononi. Alipomwona mumewe anatokwa jasho na punda mabegani, na punda mwingine nyuma hana hata unyoya mgongoni, akaketi chini akacheka mpaka akalia, na Toribio akalia naye, waziwazi, mbele za watu.

Lucera hakurudi bandani. Mwanawe alipewa muda wa kukua kabla ya kufungwa sogi, na wakati wote huo Toribio aliendelea kubeba maji mwenyewe, punda wake akitembea kando, mtupu, wakipiga gumzo lao. Pascual uzalendo ukamshinda.

"Wewe bwege, mtwike hata mtungi mmoja! Don Íñigo yuko wapi wa kukuona?"

"Desturi ni desturi," Toribio alijibu, akauhamishia mtungi bega la pili, akacheka hata maji yakamwagikia shingoni.