Mshika Ndoano

Kazi ya mume wangu ilikuwa kusimama. Nikisema hivyo watu hucheka, na hata kwetu walicheka siku ya kwanza alipokuja na mama akamuuliza anafanya kazi gani. "Nasimama nyuma ya kaka yangu," alijibu, bila aibu hata chembe. Mama alinitupia jicho la pembeni, lile la kuuliza kama kweli wanaume wote wamekwisha duniani. Baadaye jikoni nilimweleza vizuri, akatulia kidogo, lakini hadi leo akitaka kunitania huuliza, "Msimamaji hajambo?"

Alifanya kazi kwenye karakana ya magari ya mashindano. Magari yale ya siku hizi hayaendi kwa petroli peke yake. Yana injini, na pamoja na injini yana mota ya umeme. Dereva akikanyaga breki kuingia kona, ile nguvu ambayo kwenye gari langu na lako hupotea bure kwa joto, wao wanaigeuza umeme na kuuweka kwenye betri. Akitoka konani akitaka kumpita mwenzake, anabonyeza kitufe, umeme unarudi magurudumuni na gari linachomoka. Ni akili kubwa, sikatai. Ila umeme huo haubembelezi mtu. Ukikupata unakaza misuli, mkono unang'ang'ania palepale uliposhika, na anayekimbilia kukuvuta kwa mikono yake ananaswa naye.

Kwa hiyo mtu akivaa glavu nene za mpira kwenda kushika betri, lazima mwingine asimame nyuma yake na fimbo ndefu isiyopitisha umeme, yenye ndoano pana mwishoni ya kuzunguka kiuno cha mtu mzima. Mwenye glavu akinaswa, mwenye fimbo anamvuta. Mwenye glavu alikuwa shemeji yangu. Karakana nzima walimwita Shoti, kwa sababu katika maisha yake yote ya umeme hakuwahi kupigwa shoti. Mwenye fimbo alikuwa mume wangu, na jina lake pale lilikuwa Ndoano.

Sheria za mshika ndoano zilikuwa chache, na nilizijua kuliko za nyumba yangu. Hasemi na mwenye glavu, maana kumsemesha ni kumpotezea umakini. Haondoi macho kwenye mikono ya mwenzake. Hamshiki kwa mkono hata itokee nini. Na akiona jambo lolote la hatari anapiga kelele neno moja tu, "Toka!" Neno hilo likitoka, kila mtu anaachia alichoshika na kurudi nyuma, na gari haliguswi tena mpaka mkuu wa karakana aulize na ajibiwe.

Hebu fikiria, mtu anakaa maisha yake ya kazi akitazama mikono ya kakake. Aliijua mikono ile kuliko alivyoijua yangu, na hilo nilimwambia mara nyingi kwa hasira na kwa utani. Alijua kovu la kidole gumba, alijua kidole kidogo cha kushoto kinavyonyanyuka kakake akikaza nati. Nikikata kucha ndefu zikawa fupi haoni. Nikipaka hina haoni.

Lakini nilielewa. Baba yao alifariki wao wakiwa wadogo, na Shoti ndiye aliyemlea mdogo wake, akamlisha, akamsomesha, na alipopata kazi kwenye magari akamvuta naye. "Aliniinua yeye," mume wangu alikuwa akisema, "na mimi ndoano yangu inamsubiri yeye." Shoti naye alimjibu kwa dhihaka, "Wewe subiri tu. Siku utakayonivuta kama samaki nitakuchapa."

Mke wa Shoti alikuwa amefariki, wamebaki yeye na binti yake, na jioni nyingi walikula kwetu. Shemeji alikuwa na sheria yake pia. Mambo ya karakana yanaachwa getini. Akiingia kwangu alinawa, akakaa, akanisifia chai hata kama imezidi tangawizi, akazungumza mpira, majirani, na wachumba wa bintiye ambao hakuna aliyemfaa. Ukitaja betri mezani alikuwa anainua mkono kama askari wa barabarani, na mazungumzo yanageuka.

Mimi ndiye niliyeona kikombe. Shemeji alikuwa ameanza kukishika kwa mikono miwili. Nilidhani ni baridi. Usiku, wageni walipoondoka, nilimuuliza mume wangu, "Kaka yako ana nini mikononi?"

Alikuwa anafuta meza. Akaifuta mahali pamoja mpaka nikamnyang'anya kitambaa.

"Kidole kidogo cha kushoto," alisema. "Kinacheza. Sasa na cha pili yake."

"Umemwambia?"

"Kazini sisemi naye, unajua."

"Na hapa?"

"Hapa hataki habari za kazini."

"Mume wangu, mkono ni wa mtu. Karakana haikumpa."

Alikaa chini. Alisema akimwambia, Shoti hatakuwa na njia ila kuziweka glavu chini, na Shoti bila glavu zile ni nani? Alisema labda ni uchovu, msimu ukiisha atapumzika, mkono utatulia. Alisema atamwambia. Nilimkumbusha siku nyingine, akasema atamwambia. Nilipotaka kumwambia mimi, alinishika mkono akaniomba, "Niachie mimi. Ni kaka yangu." Nikamwachia. Walikula, wakacheka, tukamjazia shemeji kikombe nusu ili chai isimwagike, na hakuna aliyesema kitu. Watu wazima wanne tumekaa mezani tunaogopa kidole kidogo.

Siku yenyewe nilikuwepo. Zilikuwa zimebaki dakika chache magari yaanze kupangwa kwa ajili ya mashindano, na familia za wafanyakazi tuliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo cha karakana. Binti wa Shoti alikuwa kando yangu. Gari letu liliingia kutoka njiani likiwa na taa nyekundu juu. Taa ile ikiwa ya kijani, gari ni salama kuligusa. Ikiwa nyekundu, umeme umepotea njia, na mwili mzima wa gari unaweza kukuua. Dereva alisimama juu ya kiti chake akaruka mbali kwa miguu yote miwili, jinsi wanavyofundishwa, asije akagusa gari na ardhi kwa pamoja. Watu wakatoa nafasi. Mtu lazima aingize mikono na kuchomoa plagi ya betri, na huyo mtu alikuwa Shoti.

Alizijaza glavu hewa kwa mdomo, akazifinya shavuni kusikiliza kama zina tundu, akavaa. Mume wangu akachukua fimbo, akasimama mahali pake. Nilimwona mgongo tu. Shoti akainama, akaingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto wenye bisibisi, na hata mimi nyuma ya kioo niliiona ncha ya bisibisi ikigongagonga kama inabisha hodi.

"Toka!"

Sikuwahi kumsikia mume wangu akipaza sauti namna ile. Mafundi wote waliruka nyuma. Shoti alitoa mikono, akageuka na macho ya mtu anayetafuta moto uko wapi. Hakukuwa na moto. Mkuu wa karakana akaja mbio, na akauliza kama sheria inavyotaka, mbele ya wote.

"Umeona nini?"

Mume wangu alikuwa bado ameikaza fimbo. "Mkono wake wa kushoto unatetemeka."

"Umeanza sasa hivi?"

Hapo ndipo ningependa angedanganya. Mungu anisamehe, ningependa angesema ndiyo, sasa hivi, nami ningeuapia uongo huo. Lakini mshika ndoano akiulizwa anajibu alichokiona, na mume wangu hajui kuwa watu wawili.

"Hapana," alisema. "Muda mrefu."

Shoti hakumtazama mkuu. Alimtazama mdogo wake. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja, na sasa hata kuvua ilimshinda, mpira ukanasa, na mafundi wakatazama chini kwa heshima, jambo ambalo nadhani lilimuumiza zaidi. Alipomaliza alizikunja vizuri, akaenda akaziweka juu ya mkono wa mume wangu.

"Ungeniambia nyumbani," alisema.

Akapita katikati yao akatoka. Gari halikushindana siku ile. Watu waliponong'ona kwamba Ndoano amemuokoa kakake na kifo, walikuwa wakisema kweli, na mume wangu aliwaangalia kama wanaongea lugha ya ng'ambo.

Madaktari walipima, wakasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unatulizwa lakini hauondoki, na glavu hatazivaa tena. Mume wangu aliirudisha fimbo wiki hiyohiyo. Walimwomba asimame nyuma ya fundi mpya, kijana hodari, akajaribu siku moja. Alirudi nyumbani akaniambia, "Namtazama mikono siioni." Akahamia stoo ya matairi.

Kila mapumziko ya wiki alikwenda kwa kakake. Alivaa shati la pasi, akanunua machungwa, akabisha. Binti anafungua, macho chini. "Baba amelala, baba mdogo." Asubuhi amelala, mchana amelala, jioni amelala. Machungwa yalipokelewa, yeye hakupokelewa. Mimi nilipokwenda peke yangu niliruhusiwa mpaka sebuleni, nikasikia kikohozi cha shemeji chumbani, nikasema kwa sauti mlango usikie, "Shemeji, huyo nduguyo anakwisha!" Kikohozi kilinyamaza. Nilitoka nimekasirika hata nikasahau mwavuli. Nilimwambia mume wangu aache kwenda kujidhalilisha. Alisema, "Nitaacha vipi?" Akaendelea, mwaka ukaja, mwingine ukaja, mpaka muuza machungwa akawa anamfungia machungwa kabla hajasema.

Asubuhi moja simu ilipolia na nikasikia, "Mama mdogo," kisha pumzi tu, nilijua.

Tulimkuta kitandani, ameshafunikwa hadi kifuani. Mume wangu aliingia chumba kile mara ya kwanza tangu siku ya gari, akafika karibu na kitanda, akasimama. Nikaitambua nafasi ile. Aliacha urefu wa fimbo kati yake na kakake, miguu ameitanua, macho kwenye mikono.

Sikuweza kujizuia. "Kwa nini alimfungia mlango?" nilimuuliza binti, wala haikuwa yake kujibu. "Mtoto aliyemlea mwenyewe. Kwa nini?"

Binti alikuwa amekaa upande wa pili. "Hakumkasirikia," alisema. "Mwanzoni ndiyo, siku chache. Halafu mikono ikazidi. Nilikuwa namlisha. Kila baba mdogo akibisha, baba alikuwa anaificha chini ya shuka, analia. Alikuwa ananiambia, yule ndiye aliyeijua ikiwa mizima. Usimfungulie akaiona hivi."

Mume wangu alisikia yote. Binti akafunua shuka, mikono ikalala pale wazi, kovu la kidole gumba na kila kitu.

"Mshike, baba mdogo."

Alinigeukia mimi kama mtu anayeomba ruhusa. Miaka yote ile sheria ilikuwa hiyo moja, usimshike kwa mkono. Nikamsukuma kidogo mgongoni. Akapiga hatua, akapiga magoti, akauchukua mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, jinsi shemeji alivyokuwa akishika kikombe changu. Kidole kidogo hakikucheza. Ulikuwa mkono mtulivu kabisa, kama wa zamani, na mikono ya mume wangu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka.

Kisha akasogeza mdomo karibu na sikio la kakake. Alisema polepole, kwa sauti ya chini, sauti ya mezani chai ikiwa bado ya moto, maneno aliyokuwa nayo tangu jioni ile nilipomnyang'anya kitambaa.

"Kaka," alisema, "mkono wako unatetemeka. Twende tukamwone daktari. Nitakwenda na wewe."