Kombe la Waliobaki

Nilifunga safari kwa sababu moja. Binti yangu Rehema alikuwa anamaliza chuo Durban, na kwa miaka mitatu aliyochezea timu yao ya kikapu sikuwahi kumwona uwanjani. Timu ilikuwa mbovu, imeshinda mechi mbili tu msimu mzima, ila ilialikwa kwenye kombe dogo la vyuo vilivyokosa mashindano makubwa. Nikaomba ruhusa shuleni kwangu Tanga, nikaondoka.

Ijumaa jioni, baada ya ndege mbili na basi kutoka Johannesburg, nilifika Overport, mtaa mmoja wa Durban, kwa Mama Gloire, Mkongo mwenye saluni, ambaye Rehema amepanga chumba kwake. Rehema alikuwa maktaba. Sijavua hata viatu, mwenyeji wangu akasema:

"Mama Rehema, pole. Match ya kesho haiko tena. Rehema ananiambia directeur wa michezo ametoa batoto kwenye kombe. Eti watatia chuo haya."

Damu ilinichemka. Usiku kucha nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia huyo bwana. Rehema alirudi usiku sana nikiwa kitandani, na asubuhi niliondoka kabla hajaamka.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa ofisini kwa mkurugenzi huyo wa michezo. Tukazungumza kwa Kiingereza, changu kikiwa cha darasani.

"Mama, lile ni kombe la waliobaki," alisema. "Timu inayofungwa kila wiki afadhali ipumzike."

"Mimi ni mwalimu," nilimjibu. "Mtoto akifeli hesabu, simpumzishi hesabu! Anayefungwa ndiye mwenye haja ya mechi. Au mpira mmewawekea washindi peke yao?"

Hakukasirika, na hilo likanikera zaidi. Alinisogezea karatasi. Ombi la kujitoa lilitoka kwa timu yenyewe. Yeye alikubali tu. Chini palikuwa na saini ya nahodha, na nahodha ni Rehema.

"Akibadili mawazo kabla ya saa sita, nitawapigia waandaaji," alisema.

Nilirudi Overport kwa miguu, nikivuka robot, taa zao za barabarani, bila kuangalia rangi. Rehema alikuwa jikoni.

"Kwa nini?"

"Mama, kila Jumapili ukipiga simu, hata salamu bado, unauliza, 'Matokeo?' Nikisema tumefungwa, unanyamaza. Sikutaka uje uninyamazie mbele ya wenzangu. Nikawaomba tujitoe, wakanihurumia; kwa Mama Gloire nikamsingizia mkurugenzi."

Hasira yote niliyombebea yule bwana ikanigeukia mimi. Niliona aibu mbele ya mtoto wangu mwenyewe. Yule bwana bado namlaumu kwa kukubali upesi vile, lakini mimi ndiye niliyeanza.

"Mpigie simu," nilimwambia. "Sasa hivi, kabla sijalia."

Saa tisa alasiri tulikuwa ukumbini Cato Manor. Walifungwa, tena vibaya. Lakini nilimwona mwanangu akianguka, akiinuka, akiwapanga wenzake kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mama Gloire alipiga vigelegele kila mpira ulipogusa ubao, uingie usiingie.

"Weye," nilimuuliza, "unajua tunafungwa?"

"Najua, Mama. Sasa ninyamaze?"

Jumatano nilikuwa tena Tanga, kwenye chumba cha walimu. Sijaketi, wenzangu wakadakia kwa pamoja: "Matokeo?"

"Amecheza dakika zote," nilisema.

"Sawa, lakini nani kashinda?"

Nikachukua chaki zangu, nikawaacha na swali lao.