Profesa Pazia, mama aliyezing'oa kamera kiwandani

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa mihadhara umefurika hadi kwenye ngazi. Profesa anaingia, anatua mkoba mezani na kutoa amri moja: "Fungueni simu zenu, kila mtu ampe jirani yake."

Kicheko kinapita. Hakuna anayetoa.

"Mbona mmezikumbatia? Mmeiba nini?" anauliza. "Hamjaiba. Basi hata mfanyakazi anayekataa kuchunguliwa si lazima awe mwizi."

Wanafunzi wanamwita Profesa Pazia. Anafundisha sheria za kazi na haki ya faragha, yaani haki ya mtu kuwa na yake yasiyochunguliwa. Somo hilo hakulianzia vitabuni. Mama yake alikuwa mshonaji kiwandani, na kila jioni walinzi walimpapasa langoni mbele za watu, wakisaka vitu vya wizi.

"Nilikuwa namsubiri nje. Namwona mama anatazama chini," anasema. "Nyumbani hatukulizungumza kamwe."

Miaka mingi baadaye, washonaji wa kiwanda kingine walimjia. Walikuwa wamekuta kamera kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na waliolalamika wakafukuzwa. Profesa, ambaye pia ni wakili, aliibeba kesi yao bure. Wenzake walimwonya kuwa anayeshindana na tembo kunya hupasuka msamba.

Mahakamani, wakili wa kiwanda aliomba picha za kamera hizo zionyeshwe, eti jaji ajionee kwamba hazina ubaya. Mmoja wa washonaji hajasahau jinsi Profesa alivyosimama.

"Alisema taratibu tu, 'Mheshimiwa, zikionyeshwa hapa, wanawake hawa watakuwa wamevuliwa nguo mara ya pili.' Weee, nywele zilinisimama! Hata yule wakili wao aliketi."

Picha hazikuonyeshwa. Kiwanda kilishindwa, kamera zikang'olewa na waliofukuzwa wakarudi kwenye vyerehani vyao.

Siku ya hukumu, Profesa alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, ajuza sasa. Alipomaliza kumsimulia, mama alimuuliza:

"Mwanangu, unajua hata mimi walikuwa wananipapasa?"

"Najua, mama. Nilikuwa naona."

Walilia wote wawili, mpaka mama akaanza kumtania kwamba wakili mzima hana hata leso.

Mwakani Profesa anastaafu. Amekodi chumba kando ya barabara ya viwandani, ambako wafanyakazi watafafanuliwa mikataba kabla ya kutia saini.

"Bango bado, hata rangi haijakauka," anasema akicheka. "Lakini jana nimefika na funguo zangu, nikakuta kina mama wawili wamekaa mlangoni wananisubiri."