Kula Si Lazima

Bwanangu alikuwa karani, mimi niliachia darasa la tatu, na pale mtaani kwetu Jericho hakuna jirani ambaye hakulijua hilo. Lakini drafti niliijua. Nilicheza kwa vizibo vya soda nyumbani kwa baba mpaka wajomba wakakataa kuketi nami. Na katika drafti, kete ikijileta mbele yako unaila, utake usitake. Usipoila, yako inaondolewa.

Kwa hivyo bwanangu alipoleta chesi, miaka ya sabini ikielekea kuisha, akanionyesha askari anavyotembea na farasi anavyoruka, nilimuuliza, "Na kula?"

"Kula ni lazima, mama watoto. Kama drafti tu."

Kila Jumapili baada ya kanisa wenzake wa ofisini walikuja kunywa chai, na mimi nikawa sinema yao. Bwanangu ananitolea askari, namla. Wa pili, namla. Wa tatu, namla.

"Shemeji ana njaa!"

"Kwani nyumba hii hainunuliwi nyama?"

Kufikia hapo askari wangu mmoja amezurura mpaka mlangoni kwa mwenye nyumba, wenzake wote bado wamelala, na maaskofu wawili wa bwanangu wamemkodolea macho mfalme wangu. Hatua chache, nimekufa. Wao makofi, mimi jikoni kuongeza maji. Nilicheka nao. Nilidhani akili yangu ndiyo fupi.

Ikapita karibu mwaka. Jumapili moja akaja karani mgeni, akacheza na bwanangu. Bwanangu akamtolea askari. Mgeni akampita, akatoa farasi.

"Mbona hukumla?" nikauliza, sinia mkononi.

"Simtaki, shemeji. Huo ni mtego."

"Lakini ni lazima."

"Nani alikwambia?"

Bwanangu akaangua kicheko mpaka chai ikamtoka puani, na wenzake wakamfuata. Wote walijua. Ni yule mgeni tu ambaye hakucheka.

Kuanzia Jumapili hiyo nikawa namimina chai polepole, macho kwenye bodi. Nikaona wote wanaanza vilevile: askari wa katikati, farasi, askofu, kisha mfalme anafichwa pembeni. Malkia hatoki mapema. Ni kama asubuhi ya mwanamke. Maji kwanza, moto, uji, ndipo ufagio. Anayeanza na ufagio, watoto wataenda shule na njaa. Hiyo ndiyo elimu waliyokuwa wakiringia.

Nilipokuwa tayari, niliketi. Bwanangu akatoa askari, nikala. Akatoa wa pili. Chumba kizima kikangoja nile. Nikamwacha pale pale, nikasukuma askari wa mbele ya malkia wangu hatua mbili.

"Kula basi!" akasema.

"Nimeshiba."

Alichanganyikiwa kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Akamtoa malkia kwa hasira, farasi wangu wakamfukuza huku na huku mpaka nikamnasa. Akataka kukusanya kete.

"Imetosha, mama watoto. Nimekubali."

"Kaa, baba watoto. Tumalize."

Ningeweza kumfunga mfalme wake mara moja. Sikumfunga. Nilikula kete moja moja, askofu, farasi, mpaka askari wa mwisho, wenzake wa ofisini wakitazama viatu vyao.

Walipoondoka bwanangu aliniuliza ni nani alinifundisha. Nikamwambia hakuna, nilitazama tu. Akatikisa kichwa. "Ni yule mgeni. Amekuwa akija hapa nikiwa kazini?"

Darasa la tatu halingeweza kumshinda. Lazima kuwe na mwanamume mahali fulani. Yule kijana hakuwahi kukanyaga kwetu siku ya kazi, na kwa muda huo mfupi alikuwa ndiye rafiki wa pekee wa kweli ambaye bwanangu alikuwa naye pale ofisini. Neno moja langu, la hapana, lingemwokoa kijana. Bwanangu alingoja nilitamke.

Niliendelea kuosha vikombe. Wawili hao hawakusalimiana tena mpaka mgeni akahamishwa Kisumu.