Kiuno cha Bi Sindano

Watu wa mtaa walimwita Bi Sindano, na aliyelicheka jina hilo zaidi ya wote alikuwa yeye mwenyewe, maana alikuwa mnene haswa, mnene wa kujaza mlango. Kazi yake ilikuwa kukata nguo, na mumewe ndiye aliyezishona. Duka lao lilikuwa na sheria moja: kila nguo iachiwe vidole viwili vya ziada ndani ya mshono. Wateja, alisema, hupimwa wamebana pumzi, kisha wanakwenda kuishi wameiachia.

Binti yao wa mwisho, muuguzi, alipoposwa, Bi Sindano alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Kwenye harusi ya binti wa kwanza alijificha nyuma ya mashemeji kila picha ilipopigwa, na albamu nzima inaonyesha kitambaa chake cha kichwa tu. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma. Safari hii alitaka kusimama mbele, katikati, na asimame mwembamba.

Basi akanunua unga wa majani kwa muuza mitishamba aliyemwapia kuwa kijiko kimoja kabla ya kula kinafunga hamu ya chakula kwa kufuli. Ulikuwa mchungu wa kutoa machozi. Kweli, akishaunywa, chakula cha mchana alikitazama tu. Jua halijaanza kushuka, hamu ilirudi na ukoo wake wote, naye akamaliza pakiti ya biskuti huku anachora kola ya mteja.

"Mama, hiyo dawa haijathibitishwa," binti alimwambia. "Ushahidi wa maana hakuna, na nyingine zinaharibu ini."

"Achana na ini langu, mwanangu. Tazama kiuno."

Kiuno kilipungua kweli, kwa mujibu wa tepu. Dukani hakujipima, aliogopa macho ya watu. Alijipimia chumbani, kwa tepu ya kitambaa aliyoachiwa na marehemu mama yake. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na ili isijikunje akaifungia ncha ya chini mkasi mzito wa kukatia makoti. Kila Ijumaa namba ilishuka, na kila Ijumaa alitoka chumbani akiimba.

Kwa namba hiyo akakata gauni lake la njano.

"Ile ziada ikate yote," alimwagiza mumewe. "Mimi siihitaji tena."

"Sawa, mama watoto," mume alijibu, pini mdomoni, akaendelea kushona.

Siku ya kuamkia harusi akalijaribu. Gauni lilipita kichwani, likapita mabegani, likagoma kiunoni. Binti akavuta zipu mpaka vidole vikauma. Mwishowe akaleta tepu ya dukani, na tepu ya dukani ikasoma kiuno kilekile cha kabla ya majani. Alipozilaza tepu mbili kitandani sambamba, mambo yakawa wazi. Ile ya marehemu bibi yake ilikuwa imevutika, sentimita zake zimenenepa. Mkasi ulikuwa umeivuta usiku na mchana.

Binti alicheka. Bi Sindano hakucheka. Alikaa kitandani, gauni likiwa nusu mwilini.

"Nitasimama nyuma," alisema. "Nyuma kuna nafasi."

Mumewe akaingia na wembe. Akamvua gauni taratibu, akaligeuza ndani nje, akaanza kufumua ubavuni. Vidole viwili vilikuwamo, vimekunjwa vizuri, wala havijaguswa na mkasi.

"Si nilikwambia ukate?"

"Uliniambia."

"Ulijuaje, baba watoto?"

"Wewe ulikuwa na tepu. Mimi nina mkono huu." Aliuonyesha. "Miaka yote unazunguka kiuno chako na unaishia palepale. Napapenda hapo unapoishia."

Hapo ndipo Bi Sindano alipocheka, akacheka mpaka akalia, na binti naye akalia. Unga uliobaki ukaenda na takataka. Biskuti zilibaki, ila tangu hapo zikawa za chai tu, na jioni mke na mume wakaanza kutembea pamoja mpaka mwisho wa barabara na kurudi.

Siku ya harusi alisimama mbele, katikati, wa njano kuliko jua. Mpiga picha aliomba watu wajibane kidogo ili wote waenee. Mashemeji wakajibana, bwana harusi akajibana. Bi Sindano akaachia pumzi.